Nikikanyaga breki usiku, kioo cha nyuma kinakuwa chekundu: tatizo liko wapi?

Swali la msomaji: Gari langu ni sedani. Miezi michache iliyopita kioo cha nyuma kilipasuka, nikabadilishiwa, kipya kikawekwa tinti. Kwa kuwa taa ya tatu ya breki ilikuwa imeshafunguliwa, nikaona nitoe balbu ya kawaida niweke ya LED. Tangu hapo kila nikikanyaga breki usiku kioo cha nyuma kinawaka chekundu, na kwenye mira ya ndani sioni vizuri gari linalonifuata. Fundi mmoja kaniambia nichomoe taa hiyo, mwingine kaniambia nibandike tinti nyeusi zaidi. Nifuate ushauri upi?

Jibu:

Usifuate wowote kati ya hizo mbili. Mafundi wote wanataka kupunguza mwanga, lakini unachosumbuliwa nacho si wingi wa mwanga, ni njia ambayo mwanga huo unapita. Taa ya tatu inayokaa ndani ya gari imeundwa ibusu kioo. Kati ya kasha lake na kioo kuna raba au sponji nyeusi inayozunguka pande zote, na mwanga wote unatakiwa utoke nje kupitia sehemu ya kioo iliyozungukwa na sponji hiyo bila kubakiza hata kidogo ndani. Ukiona uwekundu kwenye mira, ujue kuna mahali mwanga umepata mwanya wa kurudi ndani.

Kwa maelezo yako, eneo moja limeguswa mara tatu kwa mpigo: kioo kimebadilishwa, tinti imewekwa, balbu imebadilishwa. Kila moja peke yake inaweza kuleta tatizo hili. Wa kwanza kumshuku ni kioo, kwa sababu ili kukitoa ni lazima kasha la taa lifunguliwe, na sponji ya zamani ikishabanduliwa mara nyingi hukatika vipande na kutupwa. Anayerudisha kasha akisikia klipu zimelia "kli" anaona kazi imekwisha. Isitoshe, kioo kipya kinakaa juu ya gundi mpya. Unene wa gundi ukitofautiana na wa kwanza kwa milimita 2 au 3 tu, hata sponji nzima haifiki tena.

Sponji hiyo si pambo. Marekani ilipolazimisha taa ya tatu kwenye magari madogo ya modeli ya 1986, yaani yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1985, kanuni ilidai pia kwamba taa ikiwekwa ndani ya gari iwe na kitu cha kupunguza mwanga unaoakisiwa na kioo cha nyuma hadi kwa dereva. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa za magari, nayo inataka taa ya namna hiyo isimsumbue dereva kupitia mira au kioo cha nyuma. Kwa hiyo gari lako lilipotoka kiwandani lilikuwa na dawa ya tatizo hili. Kazi yako ni kuirudisha.

Unachokiona kwenye mira si taa

Tuanze na mwanga wenyewe, maana ukielewa hapa utajua pa kuangalia. Kioo kisafi kikipigwa na mwanga wa moja kwa moja hurudisha kama asilimia 4 kwenye kila uso. Lakini kioo cha nyuma cha sedani hakisimami, kimelala. Kikiwa kimelala nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, mwanga unaokwenda nyuma sambamba na barabara unakipiga kwa mshazari wa nyuzi 60, na hapo uso wa ndani peke yake unarudisha karibu asilimia 9. Uso wa nje nao unaongeza kiasi kinachokaribiana na hicho. Kadiri mwanga unavyozidi kukwaruza kioo kwa ubavu ndivyo unavyozidi kurudi: kwenye nyuzi 75 uso mmoja unarudisha takribani robo.

Mwanga huo uliorudi hauji machoni moja kwa moja. Kwa jinsi kioo kilivyoinama, unatupwa chini, kwenye kile kibao kilicho kati ya viti vya nyuma na kioo. Kama taa imezibwa vizuri, unaishia ndani ya kasha jeusi na habari yake inakwisha. Kama kuna mwanya, kibao kinawaka. Sasa fuata jicho la dereva: linatazama mira, mira inalipeleka kwenye kioo cha nyuma, na kioo kinalionyesha taswira ya kitu kilicho chini yake, yaani kibao. Ule wekundu unaotanda kioo kizima ni picha ya kibao chako kilichomulikwa.

Ndiyo maana vibao vya kiwandani hufunikwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Na ndiyo maana boksi jeupe la tishu likikaa pale nyuma linaweza kufanya mwanya mdogo uonekane kama moto. Kabla hujagusa bisibisi, ondoa kila kitu kilichopo juu ya kibao hicho, kisha ujaribu gari usiku mmoja. Wapo wanaomalizia hapo.

Turudi kwa tinti nyeusi zaidi. Tinti hubandikwa upande wa ndani wa kioo. Mwanga unaorudi kutoka uso wa ndani unarudi kabla haujapita kwenye tinti, kwa hiyo haupungui. Kinachopungua ni taa za gari la nyuma yako, ambazo ni lazima zipite kwenye tinti ndipo zikufikie. Ukiweka tinti inayopitisha asilimia 35, ulimwengu wa nje unafifia hadi theluthi moja na ushei, huku wekundu unaorudi kutoka uso wa ndani ukibaki vilevile. Utakuwa umelipia kulikuza tatizo.

Kuichomoa taa hakuhitaji maelezo mengi. Ndiyo taa ya breki ambayo dereva wa gari la pili nyuma yako anaweza kuiona kupitia vioo vya gari lililo katikati. Pale ambapo taa hii ni sharti la kisheria, gari lisilo nayo halipiti ukaguzi.

Kutafuta mwanya

Subiri giza. Egesha gari mahali penye uwazi nyuma yake. Ukuta mweupe ulio karibu unarudisha mwanga wa taa zote za breki na kukupoteza. Omba mtu akae kwenye usukani akanyage breki. Ukiwa peke yako, chukua kipande cha mti kinachotosha kubana kati ya pedali na sehemu ya mbele ya kiti, uweke taratibu. Taa mbili kubwa za breki za wati 21 pamoja na ya tatu ya wati 16 zinavuta kama ampea 5 kwa pamoja, hivyo dakika tano sita hazitaua betri nzima, lakini usiende kula ukaacha mti pale. Balbu za nyuzi, yaani za kawaida zisizo za LED, zinapasha moto makasha yake.

Jaribio la kwanza ni la kutenganisha ndani na nje. Funika kasha lote la taa ya tatu kwa taulo jeusi zito, ulisokomeze hadi lishike kioo pande zote. Wekundu ukitoweka, unatoka kwenye kasha. Ukibaki, chanzo ni kitu cha nje: taa kubwa za breki zinamulika mfuniko wa buti, au matone ya mvua na vumbi juu ya kioo vinasambaza mwanga. Huo wa nje hauna dawa zaidi ya usafi, na kwa kawaida ni hafifu.

Ondoa taulo, ukae kiti cha nyuma, usubiri macho yazoee giza. Tazama kingo za kasha, usitazame taa. Mara nyingi utaona uzi mwekundu umejichora kati ya plastiki na kioo. Pengine upande mmoja ni mwembamba kama unywele na upande wa pili unaingiza kidole. Kama huoni kitu, kata kipande cha karatasi ngumu nyeusi chenye upana wa sentimita 3, ukitelezeshe pole pole ukingoni mwa kasha huku mwenzako akitazama mira. Pale atakaposema "hapo hapo", bandika kipande cha tepu ya karatasi kama alama. Zunguka pande zote nne. Mianya haitembei peke yake.

Angalia pia mgongo wa kasha, upande unaotazama siti. Baadhi ya makasha ni ya plastiki nyembamba ya rangi ya kijivu au krimu, na balbu yenye nguvu inaonekana ikipenya kama tochi nyuma ya kiganja. Matundu ya hewa nyuma ya soketi nayo hutoa mwanga, ila hayo yaliachwa kwa makusudi, kwa ajili ya joto.

Kabla ya kutengeneza chochote, piga picha ya mira kwa simu, ukiwa umeipanga kamera mwenyewe ili isijirekebishe mwanga: kwa mfano ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 400 na kasi ya sekunde 1/30. Utapiga nyingine baadaye kwa vipimo hivyohivyo. Macho husahau, tena mtu aliyehangaika jioni nzima huona maendeleo hata yasipokuwepo.

Balbu

Anzia hapa, kwa kuwa ni kazi ya dakika kumi. Rudisha balbu ya aina iliyoandikwa kwenye soketi au kwenye kitabu cha gari, uendeshe usiku mmoja. Wekundu ukirudi kuwa wa kawaida, umempata mshirika mmoja wa tatizo, ingawa mwanya huenda bado upo.

Kwa nini LED ya kupachika inavuruga? Kasha la balbu ya nyuzi limechongwa kwa hesabu ya uzi mmoja mdogo unaowaka mahali pamoja; kioo cha ndani ya taa hukusanya mwanga wa uzi ule na kuusukuma nyuma. LED nyingi za kupachika zina vidonge vya mwanga ubavuni pande zote, kila kimoja mahali ambapo uzi haukuwepo. Mwanga unatapakaa ovyo: mwingine ukutani mwa kasha, mwingine kwenye mianya ambayo zamani haikuwa na cha kuvujisha. Na ikiwa umeweka LED nyeupe nyuma ya lenzi nyekundu, sehemu kubwa ya mwanga wake inaliwa na lenzi, kwa hiyo unaweza kupata taa isiyong'aa zaidi kwa walio nyuma ilhali ndani ya gari inawasha kila kona. Siwalaumu wanaopenda LED. Inafikia mwanga kamili takribani sekunde 0.2 mapema kuliko uzi, na kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hizo ni mita 5 na nusu za barabara. Lakini faida hiyo inafaa ipatikane kwenye taa iliyoundwa kuwa ya LED tangu mwanzo.

Kuna kosa jingine la balbu ambalo halionekani kwa macho. Balbu ya W5W, ya wati 5, na ya W16W, ya wati 16, zina kitako cha aina moja; zote zinaingia kwenye soketi ileile. Ya kwanza hutoa kama lumeni 50 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), ya pili kama 310. Mtu akiuziwa W16W badala ya W5W, taa inaongezeka nguvu mara sita kwa kusukuma kidole tu, na joto linaongezeka mara tatu ndani ya plastiki iliyokusudiwa wati 5. Ukikuta lenzi imepinda au soketi imegeuka kahawia, soma maandishi kwenye kitako cha balbu kabla ya kulaumu kitu kingine. Kasha lililopindishwa na joto halizibiki vizuri hata kwa sponji nzuri.

Kurudisha sponji

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo nakushauri ufanye hata kama balbu imeleta nafuu.

Zima gari, toa ufunguo, ondoa ule mti kwenye pedali. Magari mengi hupeleka umeme kwenye taa za breki hata swichi ikiwa imezimwa. Namna ya kutoa kasha inategemea gari. Mengine yana mfuniko wa plastiki unaoshikwa na klipu mbili na kuvutwa kuelekea siti. Mengine yana nati za spana namba 8 au 10 zinazofikiwa kutokea ndani ya buti. Tumia kabari ya plastiki, si bisibisi ya chuma, na kama kuna baridi pasha gari kwanza kwa dakika kumi, maana klipu baridi zinakatika. Ikibidi kutoa plastiki za nguzo za pembeni, simama: kwenye magari mengi puto la pazia, yaani eabegi ya pembeni, linapita juu yake. Tenganisha waya hasi wa betri na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kuendelea. Plagi ya taa ichomoe kwa kubonyeza kidole chake. Ukivuta waya utazalisha tatizo la pili.

Sasa pima mwanya. Viringisha vijipande sita vya plastisini ya kuchezea watoto, kila kimoja kama punje ya mahindi, uvibandike kwenye ukingo wa kasha: pembe nne na katikati ya pande mbili ndefu. Funika kila kimoja kwa kijikaratasi cha nailoni kisinate kwenye kioo. Rudisha kasha mahali pake, ulifunge kama kawaida, kisha ulitoe tena. Unene wa kila kijipande ndio mwanya wa mahali hapo. Usishangae ukikuta milimita 3 kushoto na 6 kulia.

Sponji inayofaa ni nyeusi, ya EPDM au neoprini (aina za raba ya kutengenezwa), ya matundu yaliyofungwa, yenye gundi upande mmoja. Usitumie sponji ya godoro wala ya kuoshea vyombo: matundu yake yako wazi, inafyonza unyevu, jua linaisaga ikawa unga ndani ya muda mfupi, na ikiwa nyembamba mwanga unapenya. Namna ya kupima ni rahisi: weka tochi ya simu nyuma yake gizani. Ukiona hata nyota moja, irudishe dukani.

Unene wake uwe mkubwa kuliko mwanya ili ikandamizwe kwa karibu theluthi moja. Mwanya wa milimita 4 unataka sponji ya milimita 6. Mwanya wa 6 unataka ya 9 au 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani nene zaidi ni bora zaidi. Sponji ya milimita 15 kwenye mwanya wa 4 inalisukuma kasha, klipu zinachoka, na wiki mbili baadaye upande mmoja umefunguka na mwanya umekuwa mkubwa kuliko wa mwanzo. Pale ambapo mianya hailingani, bandika tabaka la pili jembamba upande mpana tu. Upana wa milimita 8 hadi 10 unatosha. Kuhusu urefu, taa ya sentimita 20 kwa 4 ina mzingo wa sentimita 48. Nunua mita moja, kwa sababu vipande vya kwanza vitaharibika.

Safisha ukingo wa kasha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, uache ukauke kabisa. Mabaki ya gundi ya zamani yatoe kwa kucha au kabari ya plastiki. Kwenye kioo usitumie wembe: mistari ile ya kuondoa ukungu, na wakati mwingine antena ya redio, ni rangi yenye madini iliyochapwa juu ya uso wa ndani, na wembe unaikata kwa mpigo mmoja. Futa kwa kufuata mistari, usiikate njia.

Bandika sponji kwenye kasha, usibandike kwenye kioo. Ukiibandika kwenye kioo, siku ya kuitoa inaweza kuondoka na mistari. Usiikunje penye pembe, kwa sababu ikikunjwa inanyanyuka kwa ndani na kuacha kijitundu cha pembetatu. Mwanga wa breki hauhitaji zaidi ya hapo. Kata vipande vinne, kila mwisho uwe mshazari, na kila kipande kizidi urefu kwa milimita 2 ili viungo visukumane. Kandamiza kila sehemu kwa kidole gumba kwa nusu dakika. Gundi hizi hushika vizuri kukiwa na joto la nyuzi 15 au zaidi, na hufikia sehemu kubwa ya nguvu yake baada ya saa 24, kwa hiyo kama una nafasi acha kasha likae nje usiku mmoja kabla ya kulifunga.

Ukiwa bado umelishika mkononi, litazame ndani. Kuta za kasha zinazozunguka lenzi, zile zinazotazama kioo, zikiwa zinang'aa, zibandike kitambaa cheusi cha mahameli chenye gundi. Rangi nyeusi ya kung'aa haifai hapa. Nayo hurudisha mwanga kwenye uso wake kama kioo kinavyofanya. Mgongo uliokuwa unapenya mwanga uzibe kwa tepu ya alumini, kisha tepu nyeusi ya kitambaa juu yake. Usiguse matundu ya hewa, na tepu ya alumini isikaribie miguu ya umeme ya soketi. Lenzi yenyewe usiipake wala kuibandika kitu.

Tinti na kioo kipya

Vioo vya kiwandani vyenye taa chini yake mara nyingi vina fremu nyeusi iliyochomwa kwenye kioo, yenye dirisha safi linalolingana na lenzi. Kioo mbadala wakati mwingine hakina, au dirisha lake limekaa kando. Simama nje mchana uone: kama unaona sponji, ukingo wa kasha na kibao, fremu haipo. Kata vinili nyeusi isiyong'aa yenye dirisha la ukubwa wa lenzi, kingo zake zizidi kasha kwa milimita 10 hadi 15, uibandike kwenye kioo. Kama mistari ya ukungu inapita hapo, ibandike upande wa nje.

Tinti ikipita mbele ya taa inaleta madhara mawili. Kwanza, inapunguza taa kwa walio nyuma. Kiwango cha chini cha taa ya tatu, katikati yake, ni kandela 25 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja). Taa iliyokuwa ikitoa 50 ikipitia tinti ya asilimia 35 inabaki na 17 na nusu, yaani imeshuka chini ya kiwango bila wewe kujua. Pili, tinti haishiki vizuri juu ya vidoti vilivyochapwa kwenye kingo za ile fremu nyeusi. Hubakiza vipovu vya hewa vinavyoonekana kama ukungu wa fedha, na kila kipovu ni uso mwingine wa kurudisha mwanga. Tinti yenye madini ndani yake ni mbaya zaidi; usiku inafanya kazi ya kioo cha kujitazama.

Dawa ni kuondoa kipande cha tinti mbele ya lenzi tu. Dirisha hilo liwe dogo kuliko mzunguko wa nje wa sponji, ili ukingo wa tinti uingie chini ya sponji kwa milimita 3 au 4. Hapo hauonekani wala hauanzi kubanduka. Kazi hii mpe aliyeweka tinti, tena kwa maelezo haya, na kama mistari inapita mbele ya taa asitumie wembe: kipande kiondolewe kwa mvuke na kuvutwa taratibu.

Taa ikiwa mahali pengine

Kwa wenye taa inayoning'inia juu ya kioo, karibu na dari, kanuni haibadiliki ila ukingo wa chini ndio unaovujisha kwa wingi, kwa sababu uko wazi kuelekea mira. Anza nao.

Kwa hechibeki (magari yenye mlango wa nyuma badala ya buti) zenye taa ndani ya spoila, lile bawa la juu ya kioo, mwanga unaweza kushuka kutoka chini ya lenzi na kumulika kioo kwa nje, hasa kikiwa na vumbi. Taa hizo zina raba yake inayozuia mwanga na maji kwa pamoja, kwa hiyo wekundu mpya ukifuatana na unyevu ndani ya mlango wa nyuma, raba imekufa. Badilisha yote badala ya kuchomekea kipande. Angalia tu unapovuta taa: kwenye baadhi ya magari mpira wa maji ya kuoshea kioo umefungwa palepale.

Baada ya kufunga

Safisha kioo cha nyuma kwa ndani. Utando wa mvuke wa plastiki na moshi, ambao mchana hauonekani, unasambaza mwanga wa aina yoyote. Tumia vitambaa viwili vya maikrofaiba, kimoja chenye maji na spiriti kidogo, cha pili kikavu. Ndani futa kwa ulalo, kufuata mistari. Nje futa wima. Michirizi ikibaki utajua iko upande gani. Dawa zenye amonia ziache, zinaharibu tinti.

Kisha rudia picha ya mira, ISO 400, 1/30, mahali palepale. Kivuli chekundu hafifu kinachoonekana tu ukikitafuta ni cha kawaida, hasa kwenye kioo kilicholala sana. Kama mira yako ni ya kujififisha yenyewe, itazame nayo: ikiwa kila ukikanyaga breki ilikuwa inageuka kijani au nyeusi polepole, ni kwa sababu kihisi chake kinachotazama nyuma kilikuwa kinasoma mwanga wako mwenyewe kama taa za gari lingine. Mwanya ukizibwa, hilo nalo linakoma. Ukiona bado mira inajififisha, tafuta tena ukingo wa upande ule uliokuwa na mwanya mpana zaidi.